Kibao Kilichochoka Njiani

Wifi yangu alikuwa hajawahi kupanda mlima, na bado hakuna mtu katika mji huu aliyeujua mlima kuliko yeye. Aliujua kwa matope. Ukimpa kiatu kimoja tu, tena cha kushoto, atakuambia mwenye kiatu alipita wapi, aliteleza wapi na alikaa wapi kujuta. Watu wanamwita Mama Matope, naye anaitika bila kununa. Anasema yapo majina mabaya zaidi hapa mjini, na mengi yanaanza na "Mheshimiwa".

Mimi ni mke wa mdogo wake, na ndimi mtu wa mapokezi katika nyumba ya wageni anakofanya kazi. Kwa hiyo tunagombana nyumbani, tunapatana kazini, na mara nyingine kinyume chake. Ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, isipokuwa ya kule juu, na hayo nitasema nilivyoyapata.

Kwanza muujue mji. Ni mji wa barabara moja na nusu. Ile nusu iliishia mbele ya nyumba ya diwani, lami ikaona imefika. Mlima uko nyuma yetu. Wageni wanakuja kulala kwetu kabla ya kuupanda, wanarudi kuchechemea kwetu baada ya kuushuka. Tunaishi kwa mlima, ingawa siku nyingi hauonekani, na mgeni akiniuliza uko wapi namwonyesha wingu. Kila mwenye biashara kajibandika mlima. Kinyozi kaandika "Kinyozi wa Wapanda Mlima", utadhani nywele ndizo zinazowaelemea. Duka la Vifaa vya Kileleni linauza miavuli, ndoo na mitego ya panya. Hoteli inayoitwa Mandhari iko bondeni, nyuma ya machinjio. Na ofisi ya Kamati ya Utalii imejengwa mahali pekee ambapo ungesimama barabarani ukauona mlima wote: ghorofa mbili, ukuta wa kijani. Sasa wageni wanapiga picha ukuta.

Ofisi ya wifi iko uani, kati ya jiko na kamba za kuanikia. Ana sinki la saruji linalomfika kiunoni, brashi tatu, kijiti cha kuchokonolea soli, na rundo la magazeti ya zamani. Viatu vikifika anaandika namba ya chumba kwa chaki kwenye soli, anavua kamba, anatoa soli za ndani anazibana juani kwa vibanio, kisha anaviangalia kwanza bila kuvigusa, kama daktari anayengoja mgonjwa aseme. Havianiki karibu na moto hata siku moja. Anasema moto unabandua soli, na mgeni aliyebanduka soli humlaumu kila mtu isipokuwa miguu yake. Badala yake anavijaza magazeti yanyonye unyevu. Hotuba zote za miaka kumi iliyopita zimepita ndani ya viatu vya wapanda mlima, na wifi anasema hapo ndipo zilipowasaidia wananchi.

Matope yenyewe yana mpangilio. Mekundu ni ya mashambani, chini kabisa. Meusi yanayonuka majani yaliyooza ni ya msituni. Kijani kilichoganda pembeni ni cha mawe ya mtoni. Changarawe inayonasa kwenye soli ni ya Begani, ile tambarare iliyo chini ya kilele. Na kileleni kwenyewe ni majivu, ya kijivu, laini, yanayoingia hadi kwenye matundu ya kamba. Hayo hayatoki kwa maji. Ukiyamwagia maji yanakuwa uji. Yanataka brashi kavu na subira.

Kwa miaka kumi na moja wifi hakuwa na kazi na brashi kavu, na sababu ni kibao.

Kamati ya Utalii ilikaa kikao ikaamua kwamba mlima una upungufu wa kibao. Kikachongwa cha chuma, kirefu kama mlango, kimeandikwa HONGERA! UMEFIKA KILELENI, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina la mwenyekiti. Wakachaguliwa wanaume wanne wakibebe. Mmoja wao ni mume wangu, anayejulikana mji mzima kama Kamanda. Hajawahi kuwa mwanajeshi, jamani, msije mkamwogopa. Ana suruali yenye mifuko kumi na moja, basi. Siku ya pili mchana wakafika Begani, mabega yamechubuka, mvua inawachapa, na mbele yao mpando wa saa tatu wa majivu. Wakatazamana. Wakakisimika pale pale. Kwa muda tu, walisema, watakuja kukimalizia wiki ijayo.

Wiki iliyofuata kulikuwa na msiba. Iliyofuata ilikuwa ya mvua. Na ya tatu wakashuka wageni wamepiga picha na kibao, wanalia kwa furaha, wanakumbatia kila mtu hadi mpishi. Nani awe na roho ya kuwaambia? Wageni walifurahi kuwahi kurudi, waongozaji wakafurahi zaidi, na mwenyekiti alifurahi kuliko wote kwa sababu idadi ya waliofika kileleni ilipanda mara tatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilifupika kwa saa tatu kwenda na mbili kurudi. Wingu nalo halikosi kule juu. Siku likifunguka, mgeni akaona mlima bado unaendelea, anaambiwa ule ni mlima mwingine.

Wifi aligundua wiki ile ile ya tatu. Alimwita mdogo wake uani, kiatu mkononi.

"Majivu yamekwenda wapi?"

"Majivu gani, dada?"

"Ya kileleni."

"Yamepeperuka. Si unajua upepo wa kule."

"Yote?"

"Dada, wewe osha viatu."

Akaosha viatu. Hakumwaga mtama penye kuku wengi, maana kuku wenyewe ndio sisi, na mtama ndio tunaokula. Na mimi? Mimi ndiye ninayechapa vyeti. Karatasi ngumu yenye ua pembeni, "Tunathibitisha kwamba fulani amefika kileleni", nafasi ya jina, nafasi ya sahihi ya mwongozaji. Nilijua. Si neno zuri kulisema lakini nilijua, mume wangu aliniambia mwenyewe, nikasema haya, na nikaendelea kuchapa.

Ndipo akaja Mwalimu.

Alikuwa mstaafu wa jiografia, mfupi, amevaa tai chini ya koti la mvua. Kabla hata ya kukaa aliitazama ramani niliyoichora kwa kalamu ya rangi na kuibandika mapokezi.

"Binti, kaskazini yenu iko wapi?"

"Hapo lilipo jiko, Mwalimu."

Akaibandua, akaigeuza, akaibandika upya. Toka siku hiyo maandishi yote yamelala ubavu na wageni wanaisoma shingo upande, lakini kaskazini iko mahali pake.

Aliketi na wageni wengine, akanyoosha goti lililofungwa bandeji, akaeleza jambo lililomleta, waziwazi, kama anayefundisha. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa anafundisha habari za mlima huu, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa, mtoto akanyoosha kidole akauliza: Mwalimu, wewe umeshafika kileleni? Akamwangalia mkaguzi, akasema ndiyo. Neno likishatoka halirudi. Mwaka uliofuata watoto wapya walikuja wameshasikia, wakataka habari zaidi, akaongeza upepo. Mwaka wa tatu akaongeza baridi. Kufikia mwaka wa kumi alikuwa ameponea chupuchupu kukatwa kidole cha mguu.

"Nimewadanganya watoto miaka thelathini na mitano," alisema. "Sasa goti hili linapasuliwa mwezi ujao, na daktari ameniambia baada ya hapo hata ngazi nitazipanda kwa ruhusa. Nataka nifike kabla. Nikifika, ule uongo utakuwa ni ukweli uliochelewa tu."

Nikamtupia jicho Kamanda, ambaye ndiye angempandisha kesho yake. Kamanda alikuwa anakagua dari. Nilipaswa kufungua mdomo pale pale. Nikafungua droo, nikampa Mwalimu ufunguo wa chumba namba nne.

Walirudi siku ya tatu alasiri. Mwalimu alikuwa anaburuta mguu na kucheka peke yake. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kutoa cheti, maana mstaafu ni mtu wa heshima na mpiga picha alikuwepo. Akahutubia kuhusu kuthubutu. Akasema mlima haumbagui mtu, akatoa mfano wa yeye mwenyewe, ambaye alipanda hadi ghorofa ya pili ya ofisi yake bila kushika ukuta. La hasha, hilo naongeza mimi, hasira tu. Mwalimu alikipokea cheti kwa mikono miwili. Alikisoma mara mbili, midomo ikitembea, halafu akatoa kitambaa akajifuta macho mbele ya watu. Nilijiona mdogo kuliko sisimizi.

Kwa kawaida wageni huacha viatu mlangoni. Mwalimu alivipeleka uani mwenyewe. Mimi nilikuwa naanua mashuka, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, usivioshe kwanza," alimwambia wifi. "Nataka kidogo kilichonasa hapa." Akainama, akachokonoa soli kwa kijiti, changarawe ikadondokea ndani ya bahasha. "Hii ni ya kileleni. Nitawapelekea watoto waishike. Na usiku huu namwandikia barua mchapishaji wa kitabu cha darasa la sita, maana kimekosea. Kinasema kilele cha mlima huu ni majivu. Miaka yote nimefundisha majivu! Kumbe ni changarawe, nimeikanyaga kwa miguu yangu. Lazima warekebishe nchi nzima."

Brashi ya wifi ikasimama. Namjua wifi yangu: anaweza kuvumilia uongo wa mgeni mmoja mmoja, kama mtu anavyovumilia mbu. Lakini kitabu! Alisoma mpaka darasa la sita tu, na kitabu hicho ndicho cha mwisho alichowahi kukishika kama mwanafunzi.

"Mwalimu," alisema, "usiandike."

"Kwa nini, mama?"

"Kitabu kiko sawa."

Mwalimu akacheka kwanza. Halafu akaangalia soli. Halafu akamwangalia wifi, ambaye alikuwa anaangalia maji.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Begani."

"Na kile kibao?"

"Nacho kiko Begani. Kilichoka."

Mwalimu akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akaifungua bahasha, akaimimina changarawe polepole kwenye sinki, hadi punje ya mwisho. "Kwa hiyo bado ni mwongo," alisema. Hakupiga kelele, wala hakumtukana mtu. Afadhali angetukana, maana nilikuwa na majibu tayari.

Katika mji wa barabara moja na nusu habari haihitaji miguu. Mwenyekiti aliingia uani kabla mashuka yangu hayajakunjwa.

"Nani anayevuruga utalii?"

Wifi akanyanyua brashi, kama mtoto aliyeitwa jina darasani.

"Mzee wangu," Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu, sauti imelainika, "usisikilize maneno ya uani. Kilele ni mahali palipowekwa kibao na mamlaka husika."

"Na mamlaka husika ikikihamishia kibao sokoni?"

Mwenyekiti alifikiri, na nadhani alifikiri kweli. "Hilo litategemea kikao."

"Mimi nilifundisha mito inatiririka kwenda chini," Mwalimu alisema, "sikujua nayo ilikuwa inangoja kikao." Akanyanyuka, akashika ukuta. "Nitapanda tena. Kesho."

Ndipo ugonjwa ukaingia mjini. Waongozaji wote walishikwa na homa jioni ile ile. Mmoja alinipigia simu kuniambia amepoteza sauti, akanieleza kwa robo saa nzima. Mume wangu hakuwa na homa. Yeye alikwenda kwa fundi redio kuchukua redio ambayo hatuna. Mwalimu alisimama mapokezi, begi mgongoni, goti limevimba kama papai, anauliza kama kuna mtu, mtu yeyote, anayeijua njia ya kupita Begani.

"Nitampeleka mimi," alisema wifi kutoka mlangoni, mikono bado ina povu.

"Wewe!" nikaropoka. "Wifi, wewe hata kile kilima cha shule unakizunguka!"

"Njia naijua. Mekundu, meusi, kijani, changarawe. Changarawe ikiisha, tunafuata majivu."

"Na ukipotea?"

"Nitatazama viatu."

Asubuhi waliondoka, yeye amevaa viatu vya mgeni mmoja aliyevisahau mwaka juzi, vimemzidi namba mbili, ndani kajaza magazeti. Nilisimama barabarani nikawaangalia mpaka wakakunja kona ya machinjio: mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye mlima wote ulimpitia mikononi, na mzee wa goti moja. Nikarudi nyumbani nimewaka. Kamanda alikuwa amejilaza, kajifunika hadi kidevuni.

"Amka."

"Naumwa."

"Unaumwa aibu, na hiyo haina dawa ya kumeza. Dada yako amekwenda kufanya kazi yako. Dada yako, aliyekupeleka shule mgongoni! Akianguka kule, nitakuja kukuchapishia cheti: Tunathibitisha kwamba Kamanda amefika kitandani."

Akajifunua. Kisha akavaa ile suruali, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitia vitu kwenye mifuko: kamba, biskuti, tochi, dawa ya kuchua. Aliwakuta msituni, wakiwa wameketi juu ya gogo wanabishana kama kaskazini ni lazima.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimehadithiwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na hadithi zao zinafanana, jambo ambalo kwa Kamanda ni ajabu kubwa. Mtu huyo hatii chumvi, humwaga gunia.

Walipofika Begani siku ya pili asubuhi, wingu lilikuwa limefunguka. Kibao kimesimama kinang'aa, na nyuma yake mlima umeinuka, mkubwa, wa kijivu, haujifichi. Mwalimu alikizunguka kibao akakichungulia nyuma, akakuta kutu na majina ya watu. Akasema, "Hongera na wewe," akapita.

Majivu yakaanza pale pale. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Wifi aliyachota kwa vidole, akayasugua, akayanusa. Alikuwa anayafahamu kama mtu anavyomfahamu ndugu kwa sauti ya simu, na leo wameonana. Walipanda saa moja, wakapanda ya pili. Goti la Mwalimu likaanza kutoa mlio. Ikafika mahali akawa anaushika mguu kwa mikono miwili, anaunyanyua, anauweka mbele, kama mtu anayehamisha chungu. Halafu akauweka mara ya mwisho na haukunyanyuka tena. Kamanda alikadiria ukingo wa juu ulivyokuwa mbali: hatua mia tatu, labda na ishirini.

"Panda mgongoni kwangu, Mwalimu," akasema. "Nakufikisha."

"Gunia la unga nalo likibebwa linafika, lakini halijapanda mlima."

Kamanda akapiga magoti mbele yake. Naijua sauti aliyoitumia. Ndiyo aliyonichumbia nayo. "Basi, Mwalimu, hizi ni hatua tu. Nani atazihesabu? Umeyakanyaga majivu, kitabu kimesema majivu. Nitaandika umefika. Safari hii naandika kwa roho safi kabisa."

Wote watatu wananiambia hivi. Mwalimu alitazama juu, akatazama goti, machozi yakamlenga, na wifi anasema aliona kabisa kwamba anataka. Anataka sana. Na nani angemlaumu? Akamgeukia wifi, kama mtoto anayetafuta ruhusa.

"Mama. Nimefika?"

Wifi anasema ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ilikuwa neno moja tu, na mzee angeshuka anaimba. Anasema alimwonea huruma.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Hujafika."

Mwalimu akafumba macho. Akakaa chini kwenye majivu, suruali na tai yake, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo njiani. Alipofumbua, alimwambia Kamanda: "Wewe umeshafika?"

Mume wangu, aliyepandisha watu mia kadhaa kileleni, akasema, "Bado."

"Nenda, uje uniambie. Sisi tunakungoja."

"Dada ndiye aende. Yeye ndiye—"

"Nenda," wifi akasema. "Mtu wa kumshika Mwalimu ni mimi."

Akaenda. Sasa, mjue, habari za kilele mume wangu alikuwa akizisimulia kila jioni kwa wageni wapya: nchi tatu unaziona kwa mpigo, ziwa linang'aa kama sinia, ndege wanaruka chini ya miguu yako, wanaume wazima wanawaita mama zao. Alirudi baada ya nusu saa, majivu hadi magotini, akakaa.

"Eleza," Mwalimu akasema, na akatoa daftari.

"Ni padogo," Kamanda akasema. "Kama uwanja wa kuchezea watoto. Mawe. Majivu. Pana upepo."

"Na mandhari?"

"Wingu lilirudi. Sikuona kitu, Mwalimu."

"Zile nchi tatu?"

"Hata vidole vya miguu sikuviona vizuri."

Mwalimu alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, wifi ikabidi ampige mgongo. Aliandika yote, mstari kwa mstari, akamwambia Kamanda aweke sahihi chini yake. "Hiyo sasa," akasema, "ndiyo jiografia."

Kushuka kuliwachukua siku mbili, maana ukipanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na sehemu kubwa Kamanda alimbeba. Kushuka alikubali kuwa gunia. Walipofika nilikuwa mlangoni. Mwalimu aliomba cheti kingine. Nikakichapa, mkono mzito. Akakisoma, akaomba kalamu, akakata "amefika" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: "hakufika, zilibaki hatua mia tatu na zaidi kidogo." Kamanda akasaini. Halafu akachora mstari wa shahidi chini yake, akasema huo ni wa dada yake, na wifi akapangusa mkono kwenye khanga akaandika jina lake lote, polepole, jina ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Mwenyekiti alikuja akakuta wino haujakauka. Akasema cheti kile ni batili, na kinatia mji aibu, na hakuna mahali duniani ambapo mtu hutunukiwa kwa kutofika. Mwalimu akamwambia atembee aone. Wiki hiyo hiyo kikao kilikaa. Kibao hakikuhamishwa, msijidanganye. Iliazimiwa kwamba mlima una vilele viwili: Kilele cha Kitalii, kilichopo Begani, na Kilele cha Kijiografia, ambacho mgeni anaweza kwenda kwa hiari yake na Kamati haitahusika. Kamanda siku hizi anauliza kila mgeni anataka kipi. Wengi wanachagua cha kitalii. Wachache wanachagua kile kingine, na wakirudi wamechoka sana hata kujisifu hawawezi.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji. Miezi miwili baadaye alipiga simu mapokezi. Akaniambia amekwenda kwenye shule yake ya zamani kwa magongo, akaomba kipindi kimoja cha darasa la sita. Alikibandika kile cheti ubaoni, akawasomea, akawaambia: niliwafundisha baba zenu na mama zenu kwamba nimefika, na sikufika, nilikuwa nawadanganya. Akaniambia alishika chaki kwa nguvu hata ikavunjika, maana alijua kitakachofuata. Watacheka. Watamwita mwongo. Watakwenda kusema nyumbani.

"Wakasemaje, Mwalimu?"



"Hawakucheka," akasema. "Halafu msichana mmoja wa dawati la mwisho akanyoosha kidole. Akaniuliza: Mwalimu, na goti bado linauma?"

Kule upande wa pili nilimsikia Mwalimu akipenga kamasi.

"Miaka thelathini na mitano, binti," akasema, "nilikuwa naogopa swali lingine kabisa. Hebu niitie yule mama."

Nikaweka mkono wa simu mezani, nikatoka uani kumwita wifi.